Ndege ya rimoti na ianguke kwenye kompyuta kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika majuzi akiwalaumu wazazi wanaowaacha vijana "kurusha ndege za kompyuta" mchana kutwa. Alisema hakuna aliyejua kuogelea kwa kutazama bahari, seuze kurusha ndege kwa kutazama kioo. Maneno matamu. Lakini mimi ndiye ninayeletewa ndege za wale wasioanzia kwenye kioo, na nikipima maneno yake naona hajapata kuishika hata moja.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Kazi yangu ni redio, televisheni, amplifaya za misikitini na makanisani, na miaka hii ya karibuni ndege za rimoti. Hizo sikuzitafuta, zilinitafuta. Ndugu zetu walioko Dubai, Doha na Maskati wakija likizo huwaletea watoto, na zikivunjika hakuna pengine pa kuzipeleka. Kwa asiyezijua, ndege yenyewe ni ya foamu, mabawa yake mita moja na kidogo kutoka ncha hadi ncha. Puani ina mota ya umeme, tumboni betri ya lithiamu, na ndani zimo servo, vimota vidogo vinavyovuta na kusukuma waya ili mkia na nyuma ya mabawa vicheze. Anayeirusha husimama chini, kashika rimoti yenye vijiti viwili.

Karibu zote huletwa na jeraha la namna moja. Pua imebonyea ikaingia ndani, shafti ya mota imepinda, rafadha imekatika upande mmoja, na betri ukiitoa unaikuta imevimba, haifai tena hata kuwekwa ndani ya nyumba. Mkia mzima. Bawa moja limeraruka ncha, jingine halina mkwaruzo. Nikiiona hivyo simuulizi mwenyewe ilikuwaje, namsimulia mimi: iliondoka vizuri, ikapanda, ukaigeuza irudi, ilipokuelekea ikalala upande, ukataka kuinyoosha ikazidi kulala, ukaongeza moto, yaani nguvu ya mota, ikashuka na moto wake wote hadi ardhini. Wengine hunitazama kwa shaka, wakidhani kuna mtu amenipigia simu.

Uchawi hapana. Rubani aliyeketi ndani ya ndege, kulia kwake ni kulia kwa ndege siku zote. Aliyesimama chini hana bahati hiyo. Ndege ikimpa mgongo ikienda zake, kulia ni kulia. Ikigeuka ikamjia, bawa la kushoto la ndege liko upande wa mkono wake wa kulia, na kijiti akikipeleka kushoto ndege inakwenda kulia kwake. Mweleze mtoto wa darasa la sita jambo hili, atalielewa kabla hujamaliza. Ila mikono yake haijalielewa, na ndege iliyo kichwani pako, inayokwenda kasi kuliko pikipiki ya bodaboda, haikungoji ufikiri. Kabla hujakumbuka kushoto ni kupi, imeshakuwa kazi yangu.

Wazoefu wana mbinu yao. Ndege ikikuelekea na bawa likainama, kipeleke kijiti upande ule ule unaoliona bawa limeinama, nalo litainuka. Mbinu hiyo ni ya sentensi moja, lakini kuifanya bila kufikiri kunataka kurudia na kurudia mpaka uchoke, na kila unapokosea kuna kuanguka. Basi kuanguka hakukwepeki. Linalobaki ni kuchagua tu: je, kwenye kioo ambako ni bure, au shambani ambako mota na betri zinasubiri meli kutoka Uchina? Ninayesema haya ndiye ninayelipwa kwa zile za shambani.

Sasa nimkubalie msomaji wetu kwa upande mmoja, maana si kila mchezo wa ndege ni darasa. Ile Microsoft Flight Simulator, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1982, inakuketisha ndani, mbele ya saa za vipimo na vioo vya rubani. Ni nzuri kwa jambo lake. Namjua kijana wa Bondeni anayeweza kuitua Boeing kwa mchezo huo usiku wa mvua, na ndege ya foamu ilimshinda kwenye kona ya kwanza, kwa sababu mchezo ule haujawahi kumsimamisha chini aitazame ndege ikimjia. Anayetaka kujifunza ndege za rimoti atafute programu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, ziitwazo simuleta, zinazomsimamisha mtu ukingoni mwa uwanja na macho yake yasiondoke pale. Za kununua zipo, RealFlight ya Marekani na aerofly RC ya Ujerumani ndizo zinazotajwa sana. Za bure pia zipo. PicaSim ni bure, na ipo ya kompyuta na ya simu. CRRCSim nayo ni bure, ilianzia kwa wanachama wa klabu ya ndege za rimoti huko Massachusetts, na haidai kompyuta ya bei kubwa. Kompyuta ya mtumba ninayoitumia dukani, ambayo mteja aliiacha mpaka akaisahau, inaiendesha bila kukwama.

Na hili la kujifunzia urubani chini si ujinga wa vijana wa leo. Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda. Mwaka 1929 alitengeneza kijindege cha mbao kisichoruka, kikainamishwa na kuinuliwa kwa mivukuto ile ile ya hewa iliyokuwa ikitumika kwenye vinanda. Watu walikichukulia kama bembea ya maonyeshoni. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine kwenye mawingu na theluji kwa kutojua kurusha kwa kutegemea saa za vipimo peke yake. Hapo ndipo jeshi lilipokwenda kununua vijindege vya Link, sita kwa kuanzia. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, marubani kwa maelfu walipitia humo kabla ya kupewa ndege. Mimi kama fundi nampenda sana mtu huyu. Alichukua alichokuwa nacho karakanani akakifanyia kazi.

Nasi tuna vya kwetu karakanani. Kikwazo kikubwa si programu, ni rimoti. Ukijifunza kwa kubonyeza kibodi hujajifunza kitu, maana kibodi inajua mawili tu, kubonyezwa na kuachwa, wakati ndege inataka kijiti kisogezwe upana wa ukucha. Vile vidude vya PlayStation ni afadhali kidogo, lakini vijiti vyake ni vifupi na vyote hurudi katikati ukiviachia, ilhali kijiti cha moto kwenye rimoti ya ndege hukaa pale ulipokiacha. Inatakiwa rimoti yenyewe, ile ile utakayoshika shambani, ichomekwe kwenye kompyuta.

Rimoti nyingi zina tundu nyuma au pembeni la kuunganishia rimoti ya mwalimu. Tundu hilo hutoa mkondo wenye habari za vijiti vyote, na waya wa USB wenye kisanduku kidogo katikati unaupeleka kwenye kompyuta. Usipoupata waya huo, ipo programu ya bure iitwayo SmartPropoPlus inayosoma mkondo ule kupitia tundu la maikrofoni. Unahitaji kichomekeo cha kawaida cha sauti upande mmoja, kinacholingana na rimoti upande wa pili, na nyaya mbili za kulehemu. Kazi ya nusu saa, ukiwemo muda wa kutafuta waya wa ardhi ni upi. Jambo la kupendeza ni kwamba hata rimoti kuukuu za masafa ya zamani, zile zenye antena ndefu ya kuvuta ambazo hazifai tena kurushia kitu, zinafaa kabisa kwa kazi hii. Nina mbili ambazo kazi yake ni hiyo tu.

Kuna mtego mmoja ambao duniani kote upo lakini hapa Mombasa tunaangukia zaidi. Rimoti zina mipangilio miwili mikubwa. Mmoja, unaoitwa Modi 2, una moto kwenye kijiti cha kushoto, na kulala na kuinuka kwa ndege kwenye kijiti cha kulia. Ndio unaotumiwa Marekani, na nyingi zinazotoka Dubai ni hizo. Mwingine, Modi 1, moto uko kulia, na kuinuka kumehamia kushoto. Japani wengi wanatumia huo, na bandari yetu inapokea mitumba ya Japani ya kila namna. Kijana akajizoeza kwenye simuleta kwa Modi 2, kisha akanunua rimoti ya Futaba ya mtumba kwa bei ya kutupa, akaenda nayo shambani bila kuitazama. Alipotaka kuongeza moto, ndege ikainamisha pua. Rimoti ya namna hiyo ukiifungua mgongo utakuta springi ndogo inayorudisha kijiti katikati, na upande wa pili kibati chembamba kinachokwaruza meno ili kijiti kibaki kilipo. Navibadilisha pande, kisha naingia kwenye mipangilio yake nayo nibadilishe. Springi ile ikikuponyoka haionekani tena, basi usijaribu ukiwa umekaa kwenye zulia.

Vijana wanaokuja dukani jioni nimewawekea utaratibu, na hawaupendi. Ndege ni moja tu, ya kujifunzia, yenye bawa juu ya mwili na mabawa yaliyoinuka kidogo nchani, kwa sababu ndege ya umbo hilo ukiiachia vijiti hujaribu kujinyoosha yenyewe. Za kivita haziguswi. Kile kipengele cha programu cha kusogeza ndege karibu kadiri inavyokwenda mbali kinazimwa, ili waione inavyokuwa ndogo. Upepo sifuri. Wanaruka umbo la nane mbele yao, polepole, kona ya kulia na ya kushoto kwa zamu, kwa sababu kila mtu ana upande mmoja anaoukimbia na ukimwachia atazunguka upande ule mwingine hadi magharibi. Kisha kutua, kutua, kutua. Anayeangusha habonyezi kitufe cha kuanza upya hapo hapo. Anaweka rimoti mezani, anatoka nje hadi kwa muuza madafu, anarudi. Kitufe kile ndicho ubaya halisi wa simuleta, na kama msomaji wetu angelalamikia hicho ningemuunga mkono. Ndege inafufuka kwa sekunde moja, na mtoto anazoea kwamba kuanguka hakuna gharama. Safari ya kwa muuza madafu, jua likiwa kali, ni gharama.

Upepo tunauongeza baadaye, na hapo nawaambia wauweke utoke upande mmoja, kama kusi yetu. Tangu Aprili hadi Septemba pwani hii hairushi ndege nyepesi ya foamu mchana, labda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Kwenye kompyuta wanajifunza kutua wakiukabili upepo na kuongeza moto kidogo badala ya kuvuta pua juu. Kuvuta pua juu ndege ikiwa haina kasi ndiko kunakoiua, bawa moja linaacha kubeba kabla ya lingine na inapinduka.

Lakini simuleta ina mipaka yake, na anayekuuzia akikwambia haina, mwogope. Haijui minazi. Upepo ukipita juu ya safu ya minazi hushuka upande wa pili ukiwa umevurugika, na ndege ikiingia humo inatikiswa kwa namna ambayo programu nilizoziona hazijui kuiga. Haijui jua la saa kumi linalokupiga machoni, ndege ikawa kivuli cheusi usichojua kama unatazama tumbo au mgongo. Kwa hilo mimi hubandika mkanda mweusi mpana chini ya bawa moja. Haijui betri iliyokaa mwezi mzima bila kuchajiwa. Ndege ya kwenye kioo huja ikiwa na uzani uliokwisha sawazishwa, wakati ya kwako ukisogeza betri nyuma kwa upana wa vidole viwili imekuwa mnyama mwingine. Na kubwa kuliko yote, ndege ya kwenye kioo haijawahi kutoka kwa fundi. Ndege iliyotengenezwa inaweza kurudishiwa servo kinyume, kijiti kikienda kulia bawa likaitika kushoto. Kila ndege inayotoka kwangu namtaka mwenyewe asimame nyuma yake kwenye veranda, asogeze kijiti kimoja kimoja na kutazama, kabla hajalipa. Kuna wanaoudhika, wanasema wana haraka.

Nataja pia mahali pa kurushia, maana barua ile ilizungumza kana kwamba vijana wakitoka kwenye kompyuta watakwenda tu nje. Nje wapi? Changamwe na Port Reitz kuna uwanja wa kimataifa wa Moi, usithubutu. Fukwe zina watu. Kuna kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ndiyo ya kuulizwa kabla ya kurusha chochote, ukiwa na kibali cha mwenye shamba mkononi. Sisi tukipata nafasi huenda mbali, upande wa mkonge wa Vipingo, kwa idhini. Safari hiyo ni nauli, ni chakula, ni siku nzima. Kumpeleka huko kijana ambaye hajui kulia na kushoto, arushe kwa dakika mbili kisha abebe vipande kwenye gunia nyumbani, ni kumkatisha tamaa kwa pesa.

Wazazi huniuliza kama kuna kazi ndani ya jambo hili. Sitawadanganya. Zile ndege ndogo zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu mwaka 2016 zinajiendesha zenyewe, hakuna anayezishikia vijiti. Droni za kupigia picha harusi za Nyali nazo ukiziachia hubaki zimetulia hewani. Ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba kijana aliyeanza kwa simuleta, baada ya muda, anataka kujua kwa nini bawa limepinda juu, kwa nini betri yenye seli tatu ni volti 11.1, na waya wa tatu wa servo ni wa nini. Wawili kati yao sasa wanalehemu vizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wao, na mmoja, msichana wa Majengo, ndiye anayenirushia ndege za wateja kuzijaribu, maana macho yangu hayaoni tena mbali.

Ombi langu si kwa msomaji yule bali kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi vya kaunti. Vipo vyenye chumba cha kompyuta, na kimojawapo nilikwenda kukitazama. Mashine zimefunikwa kwa vitambaa, mlango una kufuli, na mwenye ufunguo anaondoka saa kumi. Hazihitaji kununuliwa kitu. Programu ni ya bure, rimoti kuukuu mbili ninazo, nyaya nitalehemu mwenyewe, na Jumamosi baada ya alasiri nafunga duka. Nimekwenda ofisini mara kadhaa nikaambiwa niandike barua. Barua niliandika, nikaambiwa mhusika amehamishwa. Basi ndiyo hii nyingine, na hii nadhani haitapotea mezani kwa mtu. Atakayeisoma na ana ufunguo, anipate Mwembe Tayari, aulizie fundi wa ndege. Wataanza kwa kucheka, kisha watamwonyesha.

Fundi wa elektroniki,
Mwembe Tayari, Mombasa